Tajiri aliyebadili makocha mara 20 ndani ya misimu 23: tatizo lilikuwa nani?

#1 Kibuyu cha Asali (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Jana usiku usingizi ulinikataa, nikaangukia video ya besiboli ya Marekani. Mchezo wenyewe sikuelewa hata robo, ila kuna jambo limenikaa kichwani. Ni hii timu ya New York Yankees, wale wenye kofia ya NY ambayo makonda wa daladala wanaivaa miaka yote bila kujua ni ya nini. Tajiri mmoja, George Steinbrenner, aliinunua Januari 1973. Kuanzia hapo mpaka anamleta Joe Torre mwishoni mwa 1995, alikuwa amebadili makocha mara 20. Misimu 23! Jamaa mmoja, Billy Martin, kapewa timu mara 5 na kuondoka mara 5.

Halafu huyo Torre akakaa miaka 12 na kubeba ubingwa mara 4.

Sasa nauliza: inawezekana watu 20 wote walikuwa vilaza, halafu wa 21 ndiye akawa kocha? Au tajiri ndiye alikuwa ugonjwa? Wajuzi karibuni.

#2 Sajenti Mstaafu
Naweka kiti hapa.

#3 Kwekwe
Kumbe mambo ya Kariakoo yapo mpaka ng'ambo. Mimi nilidhani ni sisi tu tunaofukuza kocha saa sita usiku kwa taarifa ya mistari mitatu inayoishia na "tunamtakia kila la heri".

#4 Mbagala-Bronx
Mleta mada umenigusa. Naishi Bronx, hapa New York, mwaka wa 11 sasa, kituo cha treni cha barabara ya 161 nashuka kila siku, na uwanja wao uko pale pale. Ngoja niwape shule kidogo.

Kwanza, sio watu 20. Ni mabadiliko 20. Watu wenyewe kuanzia Bill Virdon, wa kwanza kuletwa na tajiri huyo, mpaka Torre ni 13, maana kadhaa walirudishwa. Martin mara 5, Bob Lemon mara 2, Gene Michael mara 2, Lou Piniella mara 2. Piga hesabu utaona inatoka 20.

Pili, ukisoma historia yote ya timu utagundua Steinbrenner alikuta utaratibu tofauti kabisa. Miller Huggins alikaa tangu 1918 mpaka alipofariki Septemba 1929, msimu ukiwa haujaisha. Joe McCarthy 1931 hadi 1946. Casey Stengel 1949 hadi 1960. Hao watatu peke yao wana makombe 17 kati ya 27 ya timu. Kwa hiyo timu ilijengwa na watu waliokaa, halafu akaja tajiri asiyeweza kukaa.

#5 Dada Riziki
Swali la mshamba, msinicheke. Huyo mnayemwita kocha, kwenye video wanasema "meneja". Huku kwetu meneja wa timu ni yule anayeshika pasi za kusafiria na kuhesabu jezi. Ni huyo huyo?

#6 Mbagala-Bronx
Dada Riziki, swali zuri. Kwao meneja ndiye kocha mkuu mwenyewe. Wanaoitwa makocha ni wasaidizi wake: wa warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira), wa wapigaji, na mmoja anasimama pembeni kabisa akionyesha ishara kwa mikono kama anafukuza nzi. Na kitu kitakachokuchekesha: meneja anavaa jezi kama wachezaji. Mzee wa miaka 70 na jezi yenye namba mgongoni. Akitoka kumfuata mrushaji aliyezidiwa, anakwenda hivyo hivyo, taratibu, mikono mifukoni.

#7 Kwekwe
Kocha wa timu yetu ya mtaa kwa kile kitambi akivaa jezi, mechi inaahirishwa.

#8 Fundi Rangi
Jibu ni jepesi, msizunguke. WACHEZAJI. Kocha ni pambo.

Ushahidi: huyo Casey Stengel. Kabla ya Yankees alishafundisha Brooklyn na Boston, hakuna la maana. Kaja Yankees 1949, kabeba ubingwa miaka 5 mfululizo, jumla 7. Wakamtoa 1960. Mwaka 1962 akapewa Mets, timu mpya ya mji huo huo, akapoteza mechi 120 kwa msimu mmoja. Mtu ni yule yule, kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni nini? Alikuwa na Joe DiMaggio, Yogi Berra, Mickey Mantle, Whitey Ford. Hata mimi na hii brashi yangu ningebeba.

Na Torre hivyo hivyo. Kabla ya hapo kafukuzwa Mets, Braves na Cardinals, na rekodi yake ilikuwa ya kupoteza zaidi ya kushinda. Gazeti la New York lilimpokea kwa kichwa cha habari kilichomwita Joe asiyejua kitu. Kakutana na Derek Jeter na Mariano Rivera, ghafla akawa profesa.

#9 Sajenti Mstaafu
Nimeinuka kwenye kiti. Fundi Rangi, nieleze 1978.

Julai timu ilikuwa nyuma ya Boston kwa mechi 14 kwenye msimamo. Billy Martin yuko vitani na nyota wake Reggie Jackson, yuko vitani na tajiri. Kawaambia waandishi maneno kuhusu hao wawili: mmoja mwongo wa kuzaliwa, mwingine ana hatia ya mahakamani. Huyo wa pili ni bosi, aliyepatikana na hatia ya michango haramu ya kampeni za siasa. Kesho yake Martin akajiuzulu mbele ya kamera pale Kansas City, miwani meusi, machozi yanatiririka, hakumaliza hata kusoma karatasi yake.

Akaletwa Bob Lemon, mzee mpole, ambaye White Sox walikuwa wamemfukuza wiki chache tu kabla. Wachezaji WALE WALE. Lemon kashinda mechi 48, kapoteza 20, wakawafikia Boston, wakawapiga kwao kwenye mechi ya nyongeza tarehe 2 Oktoba, wakabeba na World Series, yaani fainali ya ubingwa. Kama kocha ni pambo, pambo lile lilikuwa la bei.

#10 Fundi Rangi
Majeruhi walikuwa wamerudi. Na magazeti ya New York yalikuwa kwenye mgomo tangu Agosti, hakuna wa kuchochea moto. Lemon alikuta nyumba imenyamaza.

#11 Sajenti Mstaafu
Kwa hiyo sasa kocha sio sababu, mchezaji naye sio sababu, ni gazeti? Fundi, shika msimamo mmoja, rangi zisichanganyike.

#12 MtuwaMvita
Yakhe, mnapita juu juu kwa Martin na ndiye kiini cha uzi. Mimi niko Mombasa, ila kaka yangu alisoma huko na alikuwa shabiki kindakindaki, hadithi hizi nimelishwa kama uji.

Juni 1977, uwanja wa Boston, televisheni ya nchi nzima inaonyesha. Mpira umedondoka upande wa kulia, Reggie Jackson kaufuata kama mtu anayekwenda dukani kununua sukari. Martin akamtoa palepale, katikati ya ining'i (awamu moja kati ya tisa za mechi), mbele ya umati wote. Akamtuma Paul Blair aingie. Reggie anarudi akiuliza nimefanya nini, Martin anamvamia. Mzee wa miaka karibu 50 anataka kupigana na mtu aliyemzidi mwili mara moja na nusu. Yogi Berra na Elston Howard, waliokuwa wasaidizi, ndio waliomshika. Na mwaka huo huo wakabeba ubingwa! Na Reggie ndiye aliyepiga homurani 3 (mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja) katika mechi ya mwisho.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba amani ndiyo huleta kombe. 1977 walibeba wakiwa wanatafunana.

#13 Dada Riziki
Sasa aliyejiuzulu akilia alirudije?

#14 MtuwaMvita
Hapo ndipo utamu. Siku 5 tu baada ya kujiuzulu, timu ina sikukuu ya wachezaji wa zamani uwanjani. Mtangazaji anawaita mmoja mmoja, mwishoni anatangaza kwamba Bob Lemon atapanda cheo msimu wa 1980, na atakayekuwa meneja ni... Billy Martin akatoka mbio na jezi yake namba 1. Uwanja ukalipuka. Lemon hajamaliza hata wiki kazini, anasikia kwa kipaza sauti kwamba nafasi yake ishapangiwa mtu!

Hata hiyo 1980 hawakungoja. Walimrudisha katikati ya 1979, na Oktoba hiyo akafukuzwa kwa kupigana hotelini na muuza pipi.

#15 Kwekwe
Muuza pipi?? 😂😂 Nimefunga data, siendelei na maisha.

#16 Mbagala-Bronx
Ni kweli, mfanyabiashara wa pipi laini. Na 1985, awamu yake ya nne, alipigana baa ya hotelini kule Baltimore na mrushaji wake mwenyewe, Ed Whitson. Kocha ndiye aliyetoka kavunjika mkono.

Lakini mtu huyo alikuwa na akili ya mchezo. Julai 1983, George Brett wa Kansas City kapiga homurani ya kuwapa uongozi ining'i ya tisa. Martin akatoka na kanuni: utomvu wa msonobari aliopaka kwenye rungu, ule wa kushika vizuri, umepita inchi 18 kutoka kwenye mshiko. Refa akalipima rungu juu ya kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akafuta homurani. Brett akatoka mbio macho yamemtoka kama anataka kumla mtu. Baadaye ligi ikairudisha ile homurani na mechi ikamaliziwa Agosti, Yankees wakapoteza. Ila jiulize ni kocha gani anasoma kanuni mpaka ukurasa wa utomvu.

#17 Nyuki wa Tabora
Salaam wadau. Wanaosema tajiri siye tatizo mnasahau aliwafukuza hata walioshinda. Dick Howser 1980 kashinda mechi 103, kapoteza mchujo kwa Kansas City 3-0, akaondoka. Rasmi ilisemwa amepata nafasi nzuri ya biashara ya ardhi Florida. Mtu wa mechi 103 anaacha kazi akauze viwanja! Miaka 5 baadaye akawapa ubingwa hao hao Kansas City. Piniella naye alitoka pale, akabeba na Cincinnati 1990. Hao wawili mnaowaita vilaza walikwenda kubeba kwa wengine.

Nami nina kisa. Timu yetu ya mtaani ilipata mfadhili, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jezi mpya, mipira mipya, nauli ya mechi za ugenini analipa yeye. Lakini anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya benchi na simu mkononi. Kocha anapasha mchezaji, simu inaita: "Huyo hapana." Msimu mmoja tulipitia makocha wanne, na watatu kati yao walikuwa wanafundisha vizuri tu. Mimi nilikuwa beki wa kushoto, kufikia mwisho nilikuwa sijui nipande au nibaki, maana kila mwezi lilikuja neno jipya.

#18 Kibuyu cha Asali
Nyuki, hapo kwenye "sijui nipande au nibaki" ndipo ninapopataka. Asante.

#19 Mama Ntilie Mtandaoni
Mimi kinachoniuma ni kisa cha Yogi Berra. Huyo alichezea hiyo timu akiwa mdakaji, kabeba nayo ubingwa mara 10. Mwaka 1964 akiwa kocha kawafikisha fainali, wakafungwa na Cardinals mechi ya saba, wakamfukuza. (Halafu wakamchukua kocha wa Cardinals waliowafunga, Johnny Keane! Naye hakufua dafu.) Tajiri kamrudisha 1984. Februari 1985 akatangaza hadharani kwamba Yogi atakaa msimu mzima, hata mambo yakiwaje. Msimu ukaanza, mechi 16 tu, akamtimua. Na hakumwambia mwenyewe, alimtuma mtu. Mtoto wa Yogi, Dale, alikuwa mchezaji kwenye timu ile ile, kwa hiyo baba kafukuzwa mtoto anaangalia.

Yogi akaapa hatakanyaga uwanja ule. Miaka 14. Mpaka tajiri alipomfuata kwenye makumbusho yake New Jersey 1999 kumwomba radhi. Mzee akarudi, wakamfanyia siku yake Julai, na siku hiyo hiyo mrushaji David Cone akamaliza mechi bila mpinzani hata mmoja kufika kibao cha kwanza. Na Don Larsen, ambaye Yogi alimdakia mechi ya namna hiyo 1956, alikuwa ameketi jukwaani. Mimi nililia, nawaambia ukweli.

#20 Sajenti Mstaafu
Ahadi ya "atakaa msimu mzima" alimpa na Lemon 1982. Mechi 14. Mwaka huo walipita makocha watatu. Ukisikia tajiri amesema ana imani na wewe, funga begi.

#21 Daktari wa Takwimu
Naona hisia nyingi. Turudi kwenye jambo ambalo hamjaligusa: 1990.

Julai 1990 Steinbrenner alifungiwa na kamishna Fay Vincent kwa kumlipa mcheza kamari mmoja dola 40,000 ili atafute uchafu wa mchezaji wake mwenyewe, Dave Winfield. Hakuruhusiwa kuendesha timu mpaka Machi 1993. Katika kipindi hicho Gene Michael, yule yule aliyewahi kufukuzwa ukocha mara 2, akiwa msimamizi wa usajili, alikataa kuuza vijana. Bernie Williams hakuuzwa. Jeter akasajiliwa 1992. Rivera, Andy Pettitte na Jorge Posada walikuwa wanakua ndani. Buck Showalter akaachwa afundishe 1992 hadi 1995 kwa amani. Torre alikuja kukuta ugali umeiva.

Kwa hiyo jibu la mleta mada: tatizo alikuwa tajiri, na dawa ilikuwa kifungo.

#22 Fundi Rangi
Asante Daktari. Yaani WACHEZAJI, kama nilivyosema #8.

#23 Nyuki wa Tabora
Hapana Fundi, kasema tajiri, kama nilivyosema #17.

#24 MtuwaMvita
Daktari, hoja tamu lakini ina tundu. Tajiri alirudi 1993. Torre kafanya naye kazi tangu 1996. Mbona hakumfukuza? 1997 walitolewa mapema, kisu kilikuwa mkononi na hakukitumia. Nasema ni tabia ya Torre: alijua kumsikiliza mzee kwenye simu, kucheka naye, kisha kufanya alichopanga. Martin kila simu aliigeuza vita. Kuna ukocha wa wachezaji na kuna ukocha wa bosi, na huo wa pili haufundishwi popote.

#25 Kwekwe
Mimi nina jibu ambalo wote mnaliogopa: GUNDU. Showalter kaondoka Yankees 1995, wakabeba 1996. Kaenda Arizona kuijenga timu mpya, wakamwondoa 2000, wakabeba 2001. Tena dhidi ya Yankees! Elezeni hilo kwa takwimu.

#26 Daktari wa Takwimu
Inaelezeka: ni mjenzi. Anayepanda mwembe siye anayekula embe.

#27 Kwekwe
Ndiyo gundu yenyewe hiyo, umeitafsiri tu.

#28 Mbagala-Bronx
Nirudi nyuma kidogo kwa Huggins, maana naona mnaanza historia 1973. Siku moja niliingia uwanjani mapema, nikapita kule nyuma walikoweka mawe ya kumbukumbu. La kwanza kuwekwa, 1932, sio la Babe Ruth. Ni la Huggins, kijitu kifupi cha futi 5 na nusu hivi, aliyesomea sheria. Uwanja wa zamani jiwe hilo lilisimama ndani kabisa ya eneo la kuchezea, mpira unaweza kulipita.

Mwaka 1925 Ruth alikuwa haambiliki: anachelewa, anakesha. Huggins akampiga faini ya dola 5,000, fedha nyingi mno kwa mtu wa kawaida wakati huo, na akamsimamisha. Ruth akakimbilia kwa wakubwa: yeye au mimi. Mmiliki Jacob Ruppert akasimama na kocha. Ruth akaomba radhi. Misimu mitatu iliyofuata timu iliongoza ligi yote, na 1927 na 1928 wakabeba ubingwa.

Sasa mlinganishe na bosi anayetangaza kocha mpya kwa kipaza sauti wa sasa akiwa bado kazini.

#29 Fundi Rangi
Ruppert alikuwa tajiri wa bia mwenye hela za kununua nusu ya kikosi cha Boston, Ruth mwenyewe akiwemo. Ukiwa na Ruth NA Lou Gehrig hata faini inakuwa mbinu.

#30 Dada Riziki
Na aliyepo sasa je? Mbagala-Bronx, ukienda uwanjani watu wanamwimba?

#31 Mbagala-Bronx
Aaron Boone, tangu 2018. Alikuwa hajawahi kufundisha popote. Sifa yake kubwa kwa watu wa hapa ni homurani ya Oktoba 2003 iliyowaua Boston mechi ya saba. Bosi mzee alifariki 2010, mwanawe Hal ndiye mwenye timu, na huyo hafukuzi. Joe Girardi alikaa miaka 10 kwa ubingwa mmoja, 2009. Boone kafika fainali 2024, akafungwa na Dodgers 4-1, na bado yupo. Mashabiki sasa wanalalamika kinyume: mbona hafukuzwi!

Kuhusu kuimbwa: kwenye jukwaa la bei rahisi, namba 203, ining'i ya kwanza wanaita majina ya walioko uwanjani mmoja mmoja, wanaita mpaka mchezaji apunge mkono. Mara ya kwanza nilikwenda na mkate wa nyama nimeufunga kwenye foili, nikasahau kula. Kocha haitwi. Anasikia jina lake pale tu anapokwenda kumtoa mrushaji kwa kuchelewa.

#32 Sajenti Mstaafu
Marekebisho madogo kwa #4. Mabadiliko ni 21 ukihesabu Howser aliyeshika timu mechi moja kati ya Martin na Lemon 1978. Alipoteza.

#33 Mbagala-Bronx
Huyo alikuwa anashikilia tu, hahesabiki.

#34 Sajenti Mstaafu
Kwenye kitabu cha rekodi yupo: ushindi 0, vipigo 1. Hahesabiki vipi?

#35 Kibuyu cha Asali
Wakuu, niliuliza swali moja, nimepata tajiri, wachezaji, gazeti, kifungo, gundu na utomvu. Endeleeni, mie naenda kazini na kofia yangu ya NY.

#36 Nyuki wa Tabora
Wakati mnabishana 20 au 21: nimepigiwa simu sasa hivi. Yule mfadhili wetu wa duka la ujenzi kamfuata kocha wa kwanza nyumbani kwake, wamekunywa chai, na jamaa amekubali kurudi. Mazoezi Jumatatu.

#37 MtuwaMvita
Mpeni jezi namba 1.